Fungua mdomo, mzee

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea utabibu hapa Mbeya. Tumefundishwa msuli wa mailohioidi, nami nikauandika daftarini "msuli wa sakafu ya mdomo". Mwenzangu anadai nyama haiwezi kuitwa sakafu. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Mwenzako anamkamata jirani, mwizi kamwacha uani. Sakafu haina kosa. Kwa Waarabu saqf ni paa. Sisi tukaliteremsha hadi chini ya miguu, na kwenye ghorofa hakuna ugomvi, maana sakafu ya juu ndiyo dari ya chini. Msuli wako uko hivyohivyo: juu yake ulimi, chini yake shingo.

Kinachonikera ni huo mdomo. Mdomo ni ile nyama ya nje, wa juu na wa chini, inayopasuka kwa baridi ya Uyole mwezi wa Julai tukahangaika na mafuta. Ndege ana mdomo, chupa ina mdomo. Kule ndani kwenye ulimi, meno na kaakaa ni kinywa, neno lililozaliwa na kunywa. Sasa sakafu ya mdomo iko wapi, kidevuni?

Mwaka juzi gego lilinikesha, asubuhi nikaenda kliniki moja ya mjini. Daktari akawasha taa: "Mzee, fungua mdomo." Nikafungua midomo, meno nimeyauma. "Fungua mdomo, mzee!" Nikaikunjua zaidi, fizi zote nje. Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari akapaza sauti kama konda wa Mwanjelwa: "Panua kinywa!" Nikapanua. Kumbe neno alikuwa nalo siku zote, tena bango la afya ya kinywa na meno lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Mke wangu anasema nilistahili kutozwa mara mbili.

Turudi kwa msuli. (Si ule wa kujifunga kiunoni, wala ule mnaopiga usiku mtihani ukikaribia.) Ni vipande viwili bapa, kushoto na kulia, vinavyoanzia upande wa ndani wa taya la chini na kukutana katikati kwenye mshono. Kwa nyuma vinashika kifupa cha umbo la U kilicho juu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni. Jina la Kigiriki lina jiwe la kusagia ndani yake, yaani magego. Weka kidole gumba chini ya kidevu, umeze mate: sehemu kubwa ya kile kinachokakamaa na kupanda ni huo. Sakafu inayopanda! Hapo mwenzako mpe nusu alama.

Nawe soma methali: kinywa ni jumba la maneno. Jumba ndilo lenye sakafu. Ukisema sakafu ya mdomo umesakafia mlango.

Mengine nimeshasalimu amri. Wafugaji wa Rungwe wataendelea kusema ugonjwa wa miguu na midomo hata vidonda vikiwa kwenye ulimi wa ng'ombe. Mtu akiniambia sokoni kwamba tonge liko mdomoni, namwacha ale. Lakini wewe andika "msuli wa sakafu ya kinywa". Na siku utakapovaa koti jeupe, ukaniambia nifungue mdomo, nitafungua uleule.