Jibu: Naona haya kusimama kwenye ibada ya wanafunzi, ila nachora katuni

Mdogo wangu, usilazimike kusimama kuzungumza. Chora ulichotaka kusema. Karatasi moja ya A4 inatoa kijitabu cha kurasa 8. Ikunje nusu mara tatu, ifungue, kunja tena kingo fupi zikutane, kisha kata katikati kuanzia kwenye mkunjo hadi alama ya mkunjo inayofuata tu. Ukikata hadi mwisho, karatasi inaachana vipande viwili. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha zote mbili mpaka ufa upanuke uwe msalaba, laza kurasa. Andika namba za kurasa kijitabu kikiwa kimekunjwa ndipo ufungue uchore, maana safu moja hukaa kichwa chini. Tumia kalamu nyeusi, penseli hufifia kwenye fotokopi. Acha sentimita 1 pembeni, mashine hula kingo. Toa nakala, uanze kwa kuwapa wanakwaya wawili watatu. Atakayeuliza toleo lijalo, kaa naye mzungumze.