Mtoto aanze na bao la kujifunza

Umependekeza mtoto aanzishiwe namua, hatua ya kwanza ya bao kamili, ya kuingiza kete za mkononi moja moja ubaoni; huko ni kumchosha bure. Mpe bao la kujifunza: komwe (ndizo kete) 64, mbili kila shimo, mashimo 32, na mchezo unaanza moja kwa moja na mtaji, hatua ya kucheza kete zote zikiwa tayari ubaoni.

Wanaojifunza hukosea sana pale wanapokula, yaani wanapochukua kete za mpinzani. Kete ulizokula hazisambazwi kuanzia pale mkono ulipoishia. Unazipeleka kichwani, yaani shimo la mwisho pembeni mwa safu yako ya mbele. Ukila kwenye kimbi, shimo linalofuata kichwa, basi lazima uanzie kichwa kilicho karibu.

Safu ya mbele ikibaki tupu, umefungwa, hata nyuma pamejaa.

Akizoea, ndiyo bao kamili: kila mchezaji huweka kete 6 nyumbani (shimo lake kuu la safu ya mbele), 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuliani mwake, na 22 hubaki mkononi. Hesabuni kabla, maana komwe hupotelea chini ya mikeka ya barazani.