Kwa nini marhamu ya Whitfield inatoka na chembechembe

Ukikuta marhamu ya Whitfield, ile ya kupaka fangasi wa ngozi kama mashilingi, ina chembechembe, si lazima iwe feki. Asilimia zinaweza kuwa sawasawa (Whitfield ni asidi ya benzoiki 6% na ya salisiliki 3%) na bado kopo moja likawa laini, jingine likakwaruza kama mchanga. Tofauti inatoka jikoni inakotengenezwa.

Hizo asidi ni unga. Unga unafaa kusagwa laini, upitishwe kwenye chekeche, kisha ukandwe kwanza na vaselini kidogo kabla ya kuongeza iliyobaki. Mtu akiharakisha, akautia kwenye mafuta yaliyo moto sana, sehemu yake inayeyuka, halafu mafuta yakipoa inarudi kuwa fuwele kubwa. Hizo ndizo zinakukwaruza, na ngozi iliyoshikwa na mashilingi huwa tayari imechubuka kwa kujikuna. Pia marhamu lazima ikorogwe mpaka igande. Ukiiacha ingali majimaji, dawa inazama chini na mgonjwa anayechota juu anapaka karibu vaselini tupu. Hili la kukoroga ndilo linanikera zaidi, maana halihitaji mashine ya bei, ni subira tu.

Ikiwa imegeuka rangi ya waridi au zambarau, shuku chombo cha chuma. Asidi ya salisiliki hufanya hivyo ikikutana nacho.

Nimechanganya dawa hizi kwenye famasia hapa Kisumu. Lakini kosa si la mtengenezaji kila mara, angalia pia uhifadhi: kopo likikaa chini ya bati linalowaka jua mchana, dawa iliyotoka kiwandani ikiwa nzuri huyeyuka na kuganda vibaya usiku.