Nyonga ya Bibi: Maswali na Majibu ya Afya

SWALI: Shikamoo daktari. Bibi yetu ana miaka 76. Juzi aliteleza bafuni, tangu hapo hasimami. Mguu wa kulia umefupika na unyayo umegeukia nje. Majirani wanataka achuliwe kwanza kwa mafuta ya ufuta. Tufanyeje?
Mjukuu, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mjukuu. Msimchue hata kidogo! Kwa dalili hizo, chukulieni kuwa nyonga imevunjika. Kuchua husogeza vipande vya mfupa na kuzidisha damu inayovujia ndani ya paja. Mlazeni chali, mto katikati ya miguu, abebwe na godoro lake hadi kwenye gari. Bodaboda hapana. Maumivu yakimzidi, apewe parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 8. Diklofenaki msimpe, maana figo za mzee aliyekaukiwa maji huumia upesi. Anywe maji pia. Wazee wengine hujinyima wakiogopa kusumbua watu kwa choo.

Mpelekeni penye eksirei na daktari wa mifupa, kama hospitali za Ligula au Ndanda. Zinahitajika picha mbili: ya nyonga zote kwa mbele, na ya ubavuni kwa nyonga iliyoumia. Mkiambiwa picha ni safi na bado bibi hawezi kukanyaga, msirudi naye nyumbani. Ufa mwembamba huweza kujificha kwenye eksirei, ukaonekana kwa CT-Scan au MRI, vipimo vya picha vinavyoona zaidi.

Mahali mfupa ulipovunjika ndipo panapoamua matibabu. Ukivunjika kwenye shingo ya paja, yaani sehemu nyembamba iliyo chini tu ya kichwa cha mfupa, na vipande vikaachana, mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa hukatika na kichwa huweza kufa. Kwa mzee, kichwa hicho huondolewa, akawekewa cha bandia. Chini ya shingo damu ni ya kutosha, hivyo mfupa huungwa kwa vyuma. Upasuaji ufanyike ndani ya saa 48 ikiwezekana. Kuvutwa mguu kwa uzito kitandani huchukua wiki nyingi, na hapo ndipo vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda humwandama mzee. Akisubiri, ageuzwe kila saa 2 na achezeshe vifundo vya miguu.

SWALI: Nipo masjala ya hospitali. Daktari kaandika "kavunjika nyonga" basi. Niweke msimbo gani wa ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa?
Msomaji, Lindi

JIBU: Usikisie, mrudishie faili aandike mahali. Shingo ya paja ni S72.0, eneo la trokanta (vinundu vya mfupa chini ya shingo) S72.1, chini ya trokanta S72.2. Tarakimu ya tano ni 0 ngozi ikiwa nzima, 1 kukiwa na jeraha linalofika kwenye mfupa. Kisha weka chanzo: kuteleza au kujikwaa W01, kuanguka kutoka kitandani W06. Daktari akiandika kuwa mfupa umevunjika kwa sababu ya osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu), kundi ni M80. Muulize hilo waziwazi, kwa sababu ugonjwa usipoandikwa, mzee huruhusiwa bila dawa ya mifupa, na nyonga ya pili ipo njiani.