Huyu wayo ana kosa gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mie nauza dagaa hapa Kibirizi. Mdogo wangu yuko Uholanzi, jikoni kwenye hoteli, juzi kanirushia picha ya samaki bapa kama chapati, macho yote upande mmoja, anaitwa wayo, eti kuna wateja kabla ya kuagiza wanauliza kavuliwa na wavu gani na wengine wanaondoka. Kosa lake nini? Na siku moja si watatuuliza na sisi wa dagaa?
Muuza dagaa, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Wayo hana kosa, masikini. Akiwa mdogo macho yake yako pande mbili kama ya samaki yeyote, baadae jicho moja linahama (Mungu fundi), ndo anakuwa analala kwa ubavu, anajifukia mchangani. Sasa aliyejifukia utamvuaje bila kumfukua? Kule Bahari ya Kaskazini meli inashusha wavu wenye chuma na minyororo mizito, inakwangua chini, wayo wanashtuka wanaingia, ila na chaza na minyoo na vitoto vya samaki wengine vinazolewa humo humo, vingi vinarudishwa majini vishakufa, na dizeli ya kukokota uzito huo usiseme. Waholanzi wakajaribu shoti ya umeme badala ya minyororo, mafuta yakapungua kweli, wavuvi wadogo wa Ufaransa wakaja juu, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku, toka Julai 2021 basi.

Ila sio samaki bapa wote. Halibuti wa Pasifiki anavuliwa kwa ndoano, Marekani na Kanada wanamsimamia pamoja toka 1923, mvuvi wa biashara akipata wa chini ya sentimita 81 anamwachia, maana jike linafika kama miaka 12 ndo linaanza kuzaa.

Dagaa wako una afadhali. Anaishi kama mwaka tu, anazaa upesi, na kipe, ule wavu wa kuinua, kinamvuta usiku kwa taa huko kilindini, chini hakigusi. Lakini tusidanganyane, kokoro letu la ufukweni, wavu wa kukokota, na lile la Uholanzi ni mtu na nduguye, linazoa kando kule kule kuhe, wale samaki wakubwa wa ziwa letu, wanakolinda vitoto vyao, marufuku ipo na watu wanakokota tu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 lakini huko chini maji hayana hewa, samaki wote wamejibana juu na pembeni, ukikwangua pembeni unataka waende wapi? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tusivue 15 Mei mpaka 15 Agosti najua mlivyoumia, mie mwenyewe nilikula maharage mpaka nikayachukia, ila nililiunga mkono na bado naliunga.

Kwa hiyo wakikuuliza, sema ni wa kipe. Ila chambua fungu kwanza. Mchanga sio ushahidi wa kokoro, wa kuanikwa chini wote wana mchanga, ila ukikuta vitoto vya kuhe humo rudi kwa aliyekuuzia umuulize vizuri.