Maswali yenu ya moyo: ya mtandaoni na ya mwilini

Tangu niambiwe moyo wangu umechoka nashinda kwenye simu nasoma, na kadri ninavyosoma ndo naogopa zaidi. Niache?

Usiache, ila punguza ya saa nane usiku. Kwanza muulize daktari jina kamili la tatizo lako, maana "ugonjwa wa moyo" ni gunia, humo ndani kuna mishipa iliyoziba, valvu (vile vilango vya moyo) mbovu, mapigo kwenda kombo, moyo kushindwa kusukuma damu, sasa wewe una la mishipa unasoma la valvu unajitisha bure. Halafu tazama aliyeandika anauza nini. Akikuuzia unga wa kuzibua mishipa, funga ukurasa.

Video zote zinasema nijipime uzito kila siku. Mi sio mnene, ya nini?

Hatutafuti unene hapa, tunatafuta maji! Moyo ukisukuma kwa shida figo zinashikilia chumvi na maji, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mzani. Kwa hiyo asubuhi, ukishakojoa, kabla hujala, mzani uleule, andika namba. Ukiona zaidi ya kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku 3 pigia kliniki siku hiyohiyo, usingoje tarehe yako ya kurudi. Bonyeza pia kidole juu kidogo ya kifundo cha mguu, kikiacha shimo hayo ni maji. Na hesabu mito: ulikuwa unalalia mmoja, sasa mitatu ndo upate pumzi? Waambie. Ila ukikosa pumzi umekaa tu, au kifua kinabana hakiachii, hiyo ni dharura, nenda hospitali sasa hivi.

Nimesoma dawa zangu zina madhara, nimeziacha wiki sasa najisikia poa.

Jamani. Kujisikia poa wiki moja hakumaanishi moyo umekubali. Kama ni kikohozi kikavu kisichoisha, zile dawa ambazo jina lake linaishia na "pril" kweli huwa zinakileta, na daktari anaweza kukubadilishia. Ongea naye leo. Kinachonishangaza, watu wanaogopa dawa za moyo halafu goti likiuma wanameza diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza mtu, na hizo ndo zinabakiza maji mwilini.

Mume wangu alipata shambulio la moyo, sasa hata kunigusa anaogopa.

Mnaojiuliza hili ni wengi, mnaona aibu tu. Kwa kawaida akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala kuhema sana, na tendo la ndoa anaweza, ila aulize kwanza kliniki. Na vidonge vya nguvu za kiume asiguse kama anatumia dawa za naitreti (zile za kutuliza maumivu ya kifua), presha inaweza kuporomoka vibaya.

Kusoma huku kote kutanirudishia maisha yangu?

Kusoma peke yake hapana. Wataalamu wakipima maisha ya mgonjwa wa moyo kushindwa wanauliza mambo madogo tu: unaoga mwenyewe? unavaa? unapanda ngazi bila kusimama? Jiulize hayo leo, andika, rudia baada ya mwezi. Somo ulilolisoma likikufanya upime uzito na upunguze chumvi utaliona hapo.

Baba haoni maandishi madogo.

Msomee, kidogokidogo, kisha umwambie akueleze kwa maneno yake. Akikwama, rudia hapo alipokwama.