Kuku wa mayai akizeeka, usimkimbize sokoni

Kundi langu la kwanza nililiuza siku moja. Kuku 30, umri mwaka mmoja na nusu hivi, wamenyonyoka manyoya shingoni hadi mgongoni, na mayai yameshuka kutoka karibu trei nzima kwa siku hadi manne, matano. Mnunuzi akawatazama, akacheka, akataja bei ya kutupa. Nikapokea. Watatu nilikuwa nimemgawia jirani yangu, hapa hapa Morogoro. Baada ya miezi mitatu akanipitishia mayai sita, makubwa kuliko yale niliyokuwa nauza. Kumbe walikuwa wanabadilisha manyoya tu!

Sasa nawakagua usiku, wakiwa wametulia kwenye vichanja, tochi nimeibana kwapani. Napapasa mifupa miwili ya nyonga, pale yai linapotokea. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, huyo anataga. Kikipita kimoja kwa shida, amesimama kutaga. Upanga wa kichwani nao hausemi uongo: wa mtagaji ni mwekundu na umejaa, wa aliyesimama umesinyaa na kupauka. Aliyesimama huku ananyonyoka namvumilia miezi miwili, mitatu, na dagaa namwongezea, maana manyoya hayaoti kwa pumba tupu. Aliyesimama na manyoya yake yote, tena kanona, namwekea alama ya uzi mguuni. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, na asiyetaga naye lazima ale.

Wakizeeka maganda ya mayai huwa mepesi. Nawarudishia maganda yao wenyewe, nikishayakausha na kuyaponda kabisa. Ukiyatupa mazima wanaweza kujifunza kudonoa mayai kiotani, na tabia hiyo haitoki kirahisi.

Mayai yakiadimika hatununui. Masika tunakula majani ya maboga na mahindi mabichi, mabua laini ya mboga yanaenda bandani. Julai mbaazi za nazi. Na kuku wa uzi anangoja baridi hiyo hiyo ya Julai: kipande cha papai bichi chunguni, tangawizi, moto mdogo, kwa muda wa saa tatu. Mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikachochea kuni. Mama mkwe alitafuna, akatafuna, kisha akautoa mfupa taratibu, akaomba mchuzi peke yake.